Hakuna Raia Atakayeguswa

Mtambo wa Maji, 4 Machi

Mdogo wangu Kasuku,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana najua utasahau.

Sisi wazima. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele na anazungumza kama mzee. Mama macho yake yamezidi kufunga ukungu, lakini saa saba mchana humtoi kwenye redio. Mazungumzo yenu ya amani yanarushwa mpaka huku, na mji mzima unajua kwamba sauti inayomtafsiri Mjumbe ni ya kijana wetu. Juzi ulikohoa katikati ya hotuba. Mama akaniambia, "Mwandikie anywe maji ya moto, hao wakubwa wake hawajui kwamba ana kifua." Nimemweleza mara mia kwamba wewe unageuza tu maneno ya mwingine. Ananijibu, "Sauti ya mwanangu mimi siijui?"

Sasa sikiliza. Yule Meja wa waangalizi wa amani, mwenye ndevu nyekundu, amekuja hapa mtamboni kunirudishia spana ya mabomba aliyoiazima mwaka juzi. Ameisugua mpaka inang'aa. Mtu anayerudisha spana kwa heshima namna ile ana jambo. Mbwa wao wamempa mke wa mchinjaji. Dizeli wanayotupa ya kuendeshea pampu, mapipa sita kila mwezi kwa miaka tisa, safari hii yamekuja mawili, na aliyeyaleta hakutaka hata kuteremka garini. Na ng'ambo ya mto wale wanamgambo wameanza tena kuja kukaa darajani, miguu inaning'inia, wanatutazama kama watu wanaosubiri duka lifunguliwe.

Wewe umo chumbani wanamopanga mambo. Wanaondoka? Nijibu ndiyo au hapana, usinizungushe.

Dada yako


Hotelini, 13 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimekumbuka, umeona?

Kikohozi kimepona, mwambie Mama. Kibanda chetu cha wakalimani ni kidogo kama kabati, kina kioo mbele, na mwenzangu ninayepokezana naye anamumunya peremende kutwa nzima, nasikia zinavyogonga meno yake kwenye vipokea sauti. Chini yetu ndiyo meza yenyewe. Wazee wa kazi hii wananiambia zamani palikuwa na mkubwa mmoja tu, wote wakiongea huku wakimtazama yeye. Sasa wako watatu. Kila mmoja akisema neno, wenzake wawili wanatoka nje kupiga simu, na sisi wa nchi ndogo tunabaki kutazama chupa za maji. Ukutani pametundikwa ramani kubwa ya upande wetu wa nchi. Mto wameuchora mwembamba mno.

Nimeapa kutosema yanayozungumzwa ndani, nawe unajua hilo. Barua zetu zinasomwa kabla ya kufungwa. Kuna bwana mmoja mpole mlangoni kwa kazi hiyo, naye namsalimia hapa.

Hayo ya kuondoka ni maneno ya sokoni, Dada. Yasikunyime usingizi.

Jambo la maana ni hili: nimepata daktari wa macho, bingwa kabisa, na ameniwekea nafasi ya Mama. Mlete kabla ya tarehe ishirini na nane. Njooni wote watatu, mtoto naye apate kuona jiji. Msichelewe, nafasi zake ni shida kupatikana. Nakusihi.

Mdogo wako, Kasuku


Mtambo wa Maji, 19 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara imenipandisha hasira kwa sababu tofauti. Macho ya Mama yana ukungu mwaka wa nne huu. Leo ndiyo umemkumbuka, tena kwa haraka, kama mtu anayekimbilia treni? Nilipomsomea alicheka. "Niende nikatiwe sindano ya jicho ili nione nini? Uso wake nimeshausahau, sauti inanitosha." Unamjua. Amekula chumvi nyingi lakini ulimi haujapungua makali.

Nami siwezi kutoka. Msaidizi wangu ameaga kwamba anakwenda kumzika shangazi yake, na huyo shangazi nimemwona kwa macho yangu kisimani. Dizeli naipima kwa kijiti. Nikiondoka siku mbili, mji unakauka.

Ila nashukuru umenijibu lile la kwanza. Nimewaambia majirani kwamba kijana wao, aliyekaa chumba kimoja na hao wakubwa, amesema ni maneno ya sokoni. Mwalimu mkuu alikuwa amefunga masanduku yote, hata saa ya ukutani ameishusha. Nilipomwambia alikaa kitako palepale sebuleni akasema, "Afadhali." Mkewe akaanza kufungua kamba.

Daktari mwambie asubiri mpaka baada ya mvua.

Dada yako


(Bahasha ya barua ifuatayo imegongwa muhuri: IRUDISHWE KWA MWANDISHI. HAKUNA HUDUMA.)

Hotelini, 27 Machi

Dada,

Barua hii haipiti kwa yule bwana wa mlangoni. Nimempa mpishi wa hotelini, naye atampa dereva wa lori. Ikikufikia, usimalize kuisoma kwanza. Mbebe Mama mtoke.

Wanaondoka tarehe thelathini. Nilijua tangu Februari. Nchi zilizokuwa zinawalisha waangalizi zimegombana zenyewe kwa zenyewe, na ile kubwa inasema inawahitaji askari wake karibu na nyumbani kwake. Wakagawana kwenye ramani. Barabara ya kwenda machimboni wameipaka kijani, ina walinzi wa kukodi tayari. Mji wetu uko nje ya kijani kwa upana wa kidole changu.

Leo mchana Mjumbe alisoma tangazo. Mmelisikia. Alilisoma kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma orodha ya nguo za dobi. "Hakuna raia atakayeguswa. Bakini majumbani mwenu." Kazi yangu ilikuwa kuligeuza hivyohivyo, kavu kwa kavu. Lakini ilikuwa saa saba, Dada. Nilimwona Mama amekaa kitandani anasikiliza, nikaogopa asije akashtuka. Nikalitia joto. Nikalisema polepole, kama ninavyosema naye.

Nilitafsiri vizuri mno.

Tokeni. Asipokusikiliza, mkokote.

Kasuku


Ghala la pamba, 2 Juni

Mdogo wangu,

Mimi na mtoto tu hai. Nalitanguliza hilo ili usiruke mistari. Mama hatunaye, na sijui yuko wapi.

Tuko watu mia nne ndani ya ghala la zamani la pamba, mwendo wa siku tatu kutoka nyumbani. Kila familia imejichorea chumba chake sakafuni kwa chaki. Mwanamke wa jirani yangu wa chaki anaandika vizuri, ndiye aliyenipa karatasi.

Siku ile ya tangazo nilikuwa mtamboni. Redio ya mlinzi ilikuwa juu ya ukuta. Nikakusikia. Mwili ulinisisimka, si kwa maneno, ni kwa ule upole. Mara ya mwisho kukusikia hivyo ni siku ya kumzika Baba. Nilikimbia nyumbani nikamkuta Mama ameketi kitandani, uso umemnawiri.

"Umesikia? Kasuku katuambia tukae."

"Mama, yale si maneno yake. Ni ya Mjumbe."

"Mjumbe anaijua lugha yangu?"

"Haijui. Ndiyo maana—"

"Basi. Aliyesema nami ni mwanangu. Hajawahi kunidanganya huyo. Wewe ndiye ulikuwa muongo mlipokuwa wadogo."

Nilicheka, mdogo wangu. Nikacheka, nikarudi kazini.

Tarehe thelathini asubuhi waangalizi waliondoka, magari arobaini na moja. Watu walijipanga kando ya barabara, hakuna aliyepunga mkono. Meja alinipigia saluti bila kuniangalia. Kesho yake wanamgambo walivuka daraja. Hawakukimbia. Walikuja wakitembea kama watu wanaotoka msikitini au kanisani, wanapiga soga. Kwenye barabara kuu ya machimboni palikuwa na walinzi wa kukodi, bunduki begani, wakitazama. Wamekodiwa kulinda barabara, na barabara waliilinda. Haikupata hata mkwaruzo.

Habari za mwalimu mkuu na mkewe sitakuandikia.

Nilimshika mtoto mkono huu na Mama mkono huu. Tulipofika kona ya fundi viatu Mama alikaa chini. Alikaa tu, akawa mzito kama gunia la mchanga. "Nenda na mtoto," akasema. "Mimi nimeambiwa nikae." Nilivuta. Mtoto alikuwa analia kwa sauti ya juu sana, na mwisho wa mtaa tayari palikuwa na moshi. Halafu mkono wangu ukawa mtupu. Nimejiuliza kila siku tangu hapo ni nani kati yetu aliyeachia.

Huyu mwanamke wa jirani alitoka mjini siku nne baada yetu. Anasema kituo cha redio kilikuwa kinarudia lile tangazo kila saa. Alipita chini ya dirisha letu, mtaa mzima hauna mtu, milango iko wazi, na wewe ndani unasema kwa upole kwamba hakuna raia atakayeguswa. Hakuthubutu kuchungulia. Hajui kama palikuwa na mtu anayesikiliza.

Pampu zilizimika siku ileile tuliyotoka.

Nina swali moja. Ulijua?

Dada yako


Hotelini, 15 Juni

Dada,

Ndiyo.

Naiambatisha barua iliyorudi. Usiihesabu kama utetezi. Niliiandika mwezi mzima baada ya siku niliyopaswa kuiandika.

Nimekuwa nikijiambia ni kiapo kilichonifunga. Si kweli. Mwenzangu wa kibandani aliapa kiapo hichohicho, na binamu zake wote walikuwa wameshahama kabla Machi haijaingia. Mimi niliogopa kukipoteza kiti. Katika jengo lile lote nilikuwa peke yangu kutoka upande wetu wa mto, na kila nilipopita mlinzi ananifungulia mlango, nikajiona mtu. Nikadhani nitazunguka, niwatoe kwa hila ya daktari, nibaki na vyote viwili. Daktari mwenyewe hayupo, Dada. Nilimtunga.

Siku ya tangazo Mjumbe alipanda mpaka kibandani kunishika mkono. Alisema amepata sifa kwa tafsiri yenye utu.

Sasa nikifungua mdomo hata kuagiza chai naisikia ile sentensi inatangulia. Wiki iliyopita niligeuza hotuba ya samaki na ushuru wa bandari, nikasita katikati, wajumbe wote wakageuza vichwa kunitazama. Nilikuwa nimemsikia Mama akijibu. Alisema "Haya, baba," kama alivyokuwa akinijibu nikiagana naye.

Nimeacha kazi jana. Niambie nifanye nini. Chochote.

Kasuku


Ghala la pamba, 1 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako niliichana. Ile nyingine, iliyorudi, niliichana pia, halafu nikaokota vipande nikavigandisha kwa uji, maana ndani yake Mama bado yu hai na unaniambia nimbebe.

Nilikuandalia maneno mabaya. Nilikuwa nayapanga kila nilipokuwa kwenye foleni ya maji, na foleni yetu ni ndefu. Lakini nilipochukua kalamu mkono uliandika jambo jingine, nami nimeuacha.

Nilikwambia pampu zilizimika. Hazikuzimika. Nilizizima mimi.

Baada ya kumwacha Mama pale kona, nilipita mtamboni na mtoto mgongoni. Tangi lilikuwa nusu. Dizeli ilikuwepo ya wiki mbili. Nikawaona wale watu wakinawa miguu kwenye bomba langu la mtaani, wanacheka, na kitu kikanipanda kichwani. Nikafunga vali kuu. Nikang'oa ule mpira mdogo unaopeleka dizeli kwenye injini nikautupa mtoni. Nikasema hamtapata tone. Nilikuwa najua wako watu wetu waliobaki. Nilijua Mama amekaa mita mia tatu kutoka pale. Sikusahau, mdogo wangu. Nilijua, kama ulivyojua wewe. Nilijidanganya kwamba nitarudi jioni kumchukua.

Basi tumekuwa wawili.

Sasa la kufanya. Walinzi wa kukodi wamehamisha wanamgambo kutoka mjini mwezi uliopita, eti vumbi la vita linaharibu biashara ya barabara. Wameweka geti. Alhamisi wanaruhusu mtu mmoja kwa familia aingie kwa muda wa saa tatu, atafute watu wake, lakini lazima ajieleze kwa kamanda wao, na lugha yao ni ileile ya Mjumbe. Watu wanaokwenda wanarudishwa kwa ishara za mikono. Anayetoka huko anasema baadhi ya hao walinzi ni sura zilezile za waangalizi. Wamevua vizibao vyeupe, wamevaa vya kijani.

Mimi siwezi. Nimejaribu mara mbili kupanda lori, nikashuka kabla halijaondoka. Mtoto nikimwacha hata kwenda chooni anapiga kelele.

Nenda wewe. Mtafute Mama. Ukimpata, kwa hali yoyote, niandikie. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Dada yako


Getini, 22 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Nilifika hapa katikati ya Julai. Kamanda aliponisikia naongea lugha yake alifurahi kama mtu aliyeokota pochi. Akasema ruhusa nitaipata, ila kwanza nimfanyie kazi getini. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya bati, Alhamisi baada ya Alhamisi, nikigeuza majina ya wazazi wa watu na rangi za nguo walizovaa mara ya mwisho. Wiki ya nne ndipo aliponiachia nikaingia.

Nyumba nyingi zimesimama. Hilo ndilo lililonitisha. Kwa mwalimu mkuu saa ya ukutani imerudishwa mahali pake. Kwetu kitanda kimetandikwa. Redio ipo, betri zimevuja.

Nilimkuta fundi viatu dukani kwake. Hakukimbia, kwa sababu ya ule mguu wake mbovu. Alinitambua kwa sauti nilipomsalimia, akarudi nyuma mpaka ukutani. Kisha akachukua fimbo, akaniongoza hadi nyuma ya mtambo wako wa maji, pale udongo ulipo laini kwa sababu bomba la chini limekuwa likivuja miaka yote. Alimzika hapo kwa sababu peke yake asingeweza kuchimba pengine. Amezungushia mawe. Nilikaa na Mama mpaka walinzi walipopiga honi.

Kazi ya getini imekwisha. Alhamisi iliyopita kamanda alisimama juu ya ndoo akatangaza kwamba mji ni salama na watu warudi na watoto wao kabla ya mwezi kuisha. Kuna wageni wa kampuni ya machimbo wanakuja kukagua, wanataka kuona mitaa ina watu. Wanamgambo wako palepale darajani, kila mtu anawaona. Nikageuza neno kwa neno, kavu. Bibi mmoja aliyekuwa na mzigo kichwani akanitazama usoni.

"Hayo ni yake. Na wewe, mjukuu wangu, unasemaje?"

Kamanda akauliza anasema nini. Nikamwambia bibi, "Mimi nasema usiwalete watoto." Akageuka na mzigo wake, na wengine wakamfuata, hakuna aliyenishukuru. Kamanda hakuhitaji mkalimani kuelewa. Wamenipa mpaka kesho niwe nimeondoka.

Sasa nafika mahali pagumu. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi. Ningeweza kukuandikia kwamba maji yaliwatosha, na ungeniamini, maana hakuna mwingine atakayekuja kukwambia tofauti. Nilishaanza hata kuiandika sentensi hiyo kwenye karatasi nyingine. Ilikuwa nzuri.

Maji waliyokuwa wameyahifadhi majumbani yaliisha siku ya nne. Waliobaki walikuwa kama ishirini, wakaanza kunywa ya mto. Tumbo lilimshika Mama siku ya saba. Fundi viatu alimchemshia alichoweza, kuni zilikuwa shida. Alifariki siku ya kumi na moja, asubuhi, fundi amemshika kichwa. Hakuwa na jeraha lolote. Hakuna aliyemgusa.

Nilimuuliza fundi kama Mama alituachia neno. Ilibidi nimsihi. Anasema kila siku Mama alikuwa akimtuma aende akafungue bomba la uani aone kama maji yamerudi. Alikuwa akiwatuliza wenzake. Aliwaambia binti yake yuko mtamboni anatengeneza, na binti yake akishika kitu hakiachi mpaka kikae sawa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Dada. Sikuongeza, sikupunguza.

Lori linaondoka kesho, nitakuwa ghalani Jumamosi. Barua hii naituma leo na dereva anayetangulia. Nimetaka ikufikie kabla yangu, ili upate siku nzima ya kufikiri kama unataka kuniona.

Mdogo wako